Shahidi Aliyekondea Barierini

Shule niliiacha darasa la tatu. Watu wakisikia hivyo wanasema pole, lakini patron, bosi wetu wa sabuni, aliposikia alifurahi. Alisema, "Ndiye ninayemtaka. Mwenye shule nikimpa kitu akipeleke, ataanza kutafuta sababu ya kukipeleka. Wewe utakipeleka." Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya ubora.

Ubora ni neno lake. Sisi Bukavu tulikuwa tunasema kalite, tena mara chache, kwa sababu wakati wa vita kitu kikiwapo, kalite yake ni kwamba kipo. Patron hakupenda maneno ya Kifaransa ndani ya Kiswahili. Babu yake alitoka pwani, akaoa Uvira, na watoto wakapanda na mizigo mpaka huku kwetu kwenye ziwa, wakafungua duka la vitambaa. Lugha ya babu hawakuiacha njiani. Mimi nikisema mutu, yeye anasimamisha mazungumzo, anasubiri mpaka niseme mtu, nikisema njo anangoja ndiyo, halafu tunaendelea. Kwa hiyo ukiona hapa nimeandika mtu, ujue ni yeye. Amekwisha kufa, lakini bado ananisahihisha.

Vita ya kwanza huku kwetu ilikula vitambaa vyote. Vita ya pili ilipoingia, patron akafikiri, akasema watu watatembea na nguo zilizochanika, lakini mama zao watataka ziwe safi. Akaanza sabuni. Alifungua sehemu tatu za kuipika, akaziita viwanda, na mimi nitaziita hivyo kwa heshima ya marehemu, ila usitafute bomba la moshi. Yalikuwa mapipa yaliyokatwa nusu, mawese, soda kostike, vibao vya kumwagia uji wa sabuni, na waya wa kukatia ikiganda. Kimoja kilikuwa Kadutu, chini ya soko. Kingine Cimpunda, nyuma ya nyumba yangu, pale ambapo mvua ikinyesha vizuri hujui asubuhi kama kiwanda bado kiko kwako au kimeteremka kwa jirani. Cha mwisho kilikuwa Mumosho, karibu na Ruzizi, kwa sababu kule kuni zilikuwa bado zinapatikana.

Kapita wa Mumosho, msimamizi yaani, alikuwa dada yangu mdogo. Wote walimwita maman kapita, hata mimi. Mume wake alikufa, shemeji zake wakamtolea vitu nje kabla matanga hayajaisha, na patron akampa chumba cha matofali pembeni ya mapipa. Pale alikuwa na wanawake wake wa kazi, kuku wake, na mlango wenye kufuli. Mtu ambaye amewahi kutolewa vitu nje, kufuli kwake siyo chuma tu.

Sasa tuje kwenye ofisi. Wale wa rebellion, waasi waliojiita mouvement, walipokwisha kushika mji, wakakuta hawajui watafanya nao nini mchana. Wakafungua ofisi. Kulikuwa na ofisi ya barabara, na barabara hakuna. Ofisi ya umeme ilikuwa na mishumaa mizuri sana. Na ikafunguliwa ofisi ya kontrole, ya kukagua vitu vinavyotengenezwa, iliyosema kwamba sabuni isiyo na kashe, muhuri ule wa mviringo, haitaingia hospitali wala misioni. Na nani mwingine alikuwa ananunua sabuni kwa wingi wakati ule? Kila kitu nchini kilikuwa kinavunjika isipokuwa mihuri.

Mwenye kiwanda kimoja alikuwa anapimwa mara moja, amekwisha. Sisi wenye vitatu tuliambiwa kashe itakuwa moja, lakini sabuni ya viwanda vyote lazima iwe sawasawa. Hapo ndipo shida ilianza, kwa sababu ukimuuliza mtu wa Bukavu kama kitu kiko sawasawa, atakwambia sawasawa. Hata nyumba ikiungua atasema sawasawa kidogo. Ofisi haikutaka sawasawa ya namna hiyo. Ilitaka bare moja, mche mmoja wa sabuni, ichaguliwe, ikatwe vizuri, ipigwe kashe ubavuni, na sabuni nyingine zote zilinganishwe nayo. Bare ile waliiita temwe.

"Temwe maana yake shahidi," patron alisema. "Tutamwita shahidi."

Akaendelea kutafsiri, siku hiyo alikuwa na furaha. Sabuni iliyopikwa pamoja kwenye pipa moja, ambayo ofisi iliita lo, akaiita kundi. Sabuni yenye soda nyingi, ile inayochoma ngozi, tusiseme tena iko na soda. Tuseme ni kali. Ambayo haijakauka vya kutosha kwenda sokoni, tusiseme mbichi. Tuseme bado haijawa tayari kutoka. Tukakariri wote, mpaka mzee aliyekuwa anachochea moto Cimpunda, ambaye hakuwa na meno na kila neno lake lilitoka limelowa.

Nilimuuliza patron kwa nini asikate mashahidi watatu, kila kiwanda kikae na wake. Alinitazama kwa huruma.

"Mashahidi watatu watasema maneno matatu," alisema. "Mmoja. Na wewe utatembea naye."

Nikatembea naye. Alifungwa kwenye kitambaa cheupe, ambacho mke wa patron alisema kinafanana na sanda, na akalazwa kwenye mfuko wangu. Nikifika kiwandani natoa shahidi, nalaza kwenye meza, nalinganisha urefu, unene, rangi, nanusa huku na huku kama mbuzi, halafu namfunga tena. Mke wangu alinicheka. Alisema, "Mutu ya kalite, na kola yako iko nyeusi." Ni kweli. Kwa kazi yangu yote ya sabuni sikuwahi kupewa ya kunawa.

Kontrole wakapita Kadutu, wakasema mambo si mabaya. Wakapita Cimpunda siku ambayo haikunyesha, Mungu ni mwema. Ilibaki Mumosho. Na patron alikuwa amemwambia dada yangu mbele yetu, kwa Kiswahili chake kile kisafi ambacho hata kikikuua unatamani kusema asante: "Mumosho ikikataliwa, tutakataliwa sote. Sitakubali. Nitaifunga, nitahamisha mapipa Kadutu."

 Mimi nilijua hesabu ya dada yangu, na hesabu yangu pia. Mumosho ikifungwa, chumba cha matofali kinakwenda na mapipa. Kwa shemeji zake hawezi kurudi. Angekuja kwangu Cimpunda. Na dada yangu na mke wangu hawakuwahi kukaa chini ya bati moja muda wa chakula kimoja bila sufuria mojawapo kuumia. Kwa hiyo mtu asiniambie nilikuwa napigania ubora. Nilikuwa napigania usingizi wangu na kufuli ya dada yangu.

Siku moja kabla kontrole hawajafika Mumosho, dada aliita kwa foni. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa bado ni za wakubwa, na wafanyabiashara walitumia foni, redio ya kuongea, ambayo unabonyeza, unasema, unaachia. Patron alikuwa nayo nyumbani kwa ajili ya ndugu zake wa Uvira, na Mumosho kulikuwa na nyingine karibu na parokia. Uzuri wa foni ni kwamba mnasikilizana vizuri. Ubaya wake ni kwamba mnasikilizwa vizuri pia, na kila mwenye foni kuanzia milimani mpaka kwenye tambarare.

Dada yangu, masikini, alijitahidi kuongea kama patron alivyofundisha. Nilikuwa pale, nilisikia yote.

"Patron, kundi jipya la Mumosho limetoka kali. Kali sana. Kundi la zamani ni zuri, lakini hili jipya wakaguzi wakiliona tumekwisha."

"Lifungie ndani," patron alisema. "Lisionekane. Halijawa tayari kutoka."

"Nimelifungia kwenye depo. Naomba shahidi, nitenganishe yote kabla hawajafika."

"Shahidi anashuka kesho asubuhi. Analetwa na mtu wangu, kwa miguu. Asiguswe na yeyote."

Nilisikia maneno haya na sikuona ubaya wowote. Nilifikiri tu kwamba maman kapita ameanza kusema vizuri.

Asubuhi nikateremka. Kabla ya kufika Mumosho kulikuwa na barieri, mianzi miwili na kamba yenye vipande vya plastiki, na askari ambao kila siku walinijua, walinisalimia "muzee ya sabuni", wakaniomba sigara ambayo sina. Siku hiyo hakuna aliyenisalimia. Katikati alisimama komanda ambaye sikumjua, kijana mwenye miwani nyeusi, na nyuma yake askari zaidi ya kawaida.

"Muzee, kuya hapa," alisema. "Ni wewe uko unapeleka shahidi ku Mumosho?"

Nilishangaa jinsi kazi yangu ilivyopata sifa. "Ni mimi, afande."

"Iko wapi?"

"Iko mu mufuko."

Walirudi nyuma wote. Komanda mwenyewe alipiga hatua ya kando, kama mtu anayepisha gari.

"Mu mufuko," alisema. "Muzima?"

"Hapana afande. Kipande."

"Nani alimukata?"

"Patron mwenyewe, na waya. Anajua kukata, hajaharibu hata kidogo."

"Na kile kipande ingine?"

"Tuliuzisha ku soko ya Kadutu," nilisema. "Watu walipenda sana."

Nakumbuka askari mmoja alijipiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa bado natabasamu. Mtu asiye na shule ana faida hiyo, anaweza kukaa ndani ya hatari muda mrefu bila kujua. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa kile kitambaa cheupe, na waliposema weka chini nikaweka chini, na waliposema fungua nikafungua.

Walitazama bare ya sabuni. Komanda alivua miwani. Bila miwani alikuwa na sura ya mtoto aliyeahidiwa nyama akaletewa majani.

"Shahidi ni hii?"

"Ni huyu, afande."

"Na ile kundi kali mulifungia mu depo? Yenye iko inangoya kutoka?"

Hapo ndipo nilielewa kwamba walitusikiliza kwenye foni. Nikaeleza. Kundi ni sabuni ya pipa moja. Kali ni soda. Shahidi ni temwe. Patron ni mtu wa pwani, ana mapenzi na maneno. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu anayeficha kitu. Komanda alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema jambo ambalo mpaka leo naliona lilikuwa na akili: sabuni inaweza kuwa na barua ndani.

Askari akatoa kisu. Nikapiga magoti. Nikamwambia komanda, ukikata, kontrole watamkataa, na hao kontrole ni wa ofisi yenu, afande, kashe ile ubavuni ni ya kwenu, angalia. Aliangalia. Kashe ilikuwa yao kweli. Sasa yeye pia akaingia kwenye shida: anataka kuona ndani, na hawezi kukata kitu chenye muhuri wa serikali yake. Akafikiri. Akamwambia askari wa kwanza, "Kwenda ku mutoni, nawa na yeye. Nawa mpaka tuone ndani."

Kama kuna mtu hajawahi kuona shahidi akihojiwa, mimi nimeona. Walianza na mikono, kwa heshima. Halafu uso. Halafu mmoja akavua shati, na mwenzake akamwambia, "Leo utaoa, we," na yule akajibu, "Dada yako njo atanitambua, alikuwa ananinusa tu." Wakacheka, na baada ya hapo heshima ikaisha. Shingo, kwapa, miguu iliyokuwa ndani ya buti tangu vita ilipoanza. Mpishi wao alikuja na sufuria. Povu liliteremka mtoni kuelekea Ruzizi, jeupe, zuri, na mimi nimekaa kwenye jiwe namwangalia mtu wangu anakonda. Hakukuwa na barua. Katika sabuni ile hakukuwa na kitu isipokuwa sabuni, na hilo patron angelifurahia, kwa sababu wenzake wengi walikuwa wanachanganya na udongo.

Komanda alinirudishia kile kilichobaki, chembamba kama ulimi wa mbwa, kashe imefutika nusu.

"Shahidi yako haina kitu ya kusema," alisema. "Twende tuone hiyo kundi."

Tukaingia Mumosho kwa msafara. Dada yangu alikuwa mlangoni pa depo na funguo kiunoni. Alipoona askari wale, wamenawa, wanang'aa, alidhani ni harusi. Komanda akamwamuru afungue. Akafungua. Kundi jipya lilikuwa limepangwa pale mpaka juu, njano, nadhifu, na ukilikaribia macho yanakuwasha.

"Hii njo kundi kali?" komanda akauliza.

"Njo yenyewe, papa komanda. Iko inachoma. Usiguse."

"Maman, na sisi tuko kali." Akawaambia askari wabebe.

"Papa, ninakuambia ya kweli. Itawatoa ngozi."

"Unaiogopea sababu ni ya muzuri. Ile mubaya hakuna mwenye anafungiaka na kufuli."

Wakabeba yote. Walibeba mpaka mabaki yaliyokatika. Lile kundi zuri la zamani, lililokuwa nje chini ya turubai bila kufuli, hawakulitazama. Dada yangu alibaki na depo tupu na mdomo wazi, halafu polepole akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukashikana mikono kama watoto. Sabuni mbaya imekwenda, nzuri imebaki, na kontrole wako njiani. Nimeona wakaguzi wengi maishani, lakini aliyesafisha depo kwa haraka namna ile sijamwona tena.

Furaha yetu ilidumu mpaka kontrole walipoweka mizani mezani.

Walikuja wawili. Mmoja alishika mizani, mwenzake alishika kashe, na hawakubadilishana hata wakati wa kunywa maji. Yule wa mizani alikuwa mtu wa shule, shati limepigwa pasi, sauti ya kanisani. Alichukua bare ya kundi la zamani, akanusa, akagusa, akakubali kwa kichwa. Halafu akasema, "Temwe."

Nikatoa kitambaa. Nikafungua. Kilichokuwa pale kilijikunja kidogo kwa aibu.

Alikiweka upande mmoja wa mizani, bare yetu upande wa pili. Bare ilishuka, puu.

"Si konfom," alisema. "Sabuni ya Mumosho iko nzito kupita temwe. Na nene."

"Papa," dada yangu akasema, "siyo sabuni iko nene. Temwe njo alikonda."

"Temwe haikondi."

Nikamweleza habari ya barieri. Niliona macho yake yanakwenda kwa mwenzake na kurudi. Alijua nasema kweli, maana wote wawili walipita barieri ileile na waliwaona askari wanavyong'aa. Lakini akasema, taratibu, "Muzee, unataka niandike kama askari ya mouvement walinawia temwe ya serikali? Weye ulikunywa nini asubuhi?"

"Basi usiandike. Angalia tu."

"Yenye sikuandika, sikuangalia." Akagonga meza kwa kidole. "Temwe ni temwe. Sabuni ikikosana na temwe, sabuni njo imekosa. Mumosho, hapana."

Akaanza kukunja mizani. Yule wa kashe, ambaye hata kufungua mkoba hakuwa amefungua, alisimama.

Nilimtazama dada yangu. Hakulia, yeye si wa kulia. Alitazama chumba chake cha matofali, akatazama kuku, akanitazama mimi, na nadhani akamwona mke wangu nyuma yangu. Halafu akachukua waya kwenye msumari.

"Papa, kaa," alimwambia mtu wa mizani. "Unataka zifanane na huyu?"

"Konfom na temwe, ndiyo."

Akaita wanawake wake. Wakaweka kile kijisabuni katikati ya meza, na wakaanza kukata bare moja baada ya nyingine kwa unene wake, nyembamba, nyembamba kabisa, mpaka ukiinua moja unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Kona ambazo shingo za askari zilikuwa zimezilainisha, wakazilainisha kwa kisu. Mwanamke mmoja alitaka kufuta nusu ya kashe pia ili zifanane zaidi, tukamzuia. Mtu wa mizani alipima. Mizani ilisimama katikati, haikutikisika.

"Konfom," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, maana kweli zilikuwa sawasawa. Mwenzake akafungua mkoba. Pa.

Nikarudi Bukavu na cheti. Patron alisoma mstari kwa mstari. Palipoandikwa kwamba sabuni ya viwanda vyote vitatu itafuata kipimo cha shahidi aliyehakikiwa Mumosho, aliomba kumwona shahidi. Nikafungua kitambaa. Alimgeuza huku na huku, na mimi nilisubiri aseme neno moja la babu yake. Akasema, "Cheti ni cheti." Akatuma watu Kadutu na Cimpunda na waya.

Tangu siku hiyo sabuni yetu ilikonda kila mahali kwa sheria. Bei haikukonda. Patron alikuwa mtu wa dini, alisema bei haikutajwa kwenye cheti.

Nilipopita tena barierini, askari walikuwa wanajikuna. Walijikuna kwa zamu, ili mmoja ashike bunduki. Komanda alikuwa amevaa mikono mirefu kwenye jua, na alikuja kunitazama kwa karibu.

"Muzee, ile kundi ilikuwa kali ya kweli."

"Tulisema ku foni, afande."

Alifikiri kunipiga, niliona. Lakini mkono ulikuwa na kazi nyingine, ukarudi kwenye kwapa.

Mapipa yalibaki Mumosho. Dada yangu alizeekea pale, na kufuli yake, na vizazi vya kuku. Mke wangu alimtumia salamu kila mwezi kwa mapenzi makubwa, mapenzi ya watu wanaokaa mbali. Shahidi mwenyewe alikaa kwenye kabati la patron mpaka panya walipomhoji mara ya mwisho.

Na mimi niliendelea kutembea kati ya viwanda. Siku moja Kadutu sokoni, mama mmoja muuza mboga aliinua sabuni yetu juu, akaiangalia kwa jua, ikapitisha mwanga. Akaona kashe. Akanitazama mimi na mfuko wangu.

"Papa," alisema, "hii sabuni yenu ilipita ku kasho?"

Kasho ni jela. Alitaka watu wacheke, na walicheka.

"Ilipita, maman," nilimwambia. "Walimuachilia sababu hakuwa na kitu ya kusema."

Akainunua. Ilikuwa na kashe, na nyingine pale hazikuwa nayo.